Ndiyo Sita za Mukeshimana

Wakili Zakiah akisimama kusema, Mto Rwizi ulinyamaza kumsikiliza. Ndivyo walivyosimulia Mbarara, na hapo chumvi imepunguzwa. Kesi za watoto ndizo alizozishika, na kwa miaka saba hakushindwa hata moja. Basi kwenye mafunzo ya kila mwaka, yale ambayo wakili asipoyahudhuria leseni yake haihuishwi, alikwenda Nyamitanga kama mwenye kipara anayepelekwa kwa kinyozi.

Mkufunzi alikuwa Mama Viviane, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mkalimani wa watoto mahakamani. Alivua viatu, akasimama mbele ya mawakili, macho chini.

"Leo mimi ni mutoto. Avoka Zakiah, weye bingwa, niulize."

"Unapenda shule?"

"Ndiyo."

"Mjomba wako anakupenda?"

"Ndiyo."

"Mimi nina mikia miwili?"

"Ndiyo, mukubwa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakili Sulaiman akapiga meza. "Zakiah, kunja mikia yako, tutaikanyaga!"

Mama Viviane hakucheka. "Kwetu mutoto haambie mukubwa hapana. Ni kumutukana. Ukitaka kujua moyo wake, mwenye kumuleta akae mbali, weye ukae chini naye, umuulize kitu gani hataki. Kisha ungojee. Batoto mingi bamepotea juu ya ndiyo."

Tabasamu la Zakiah likagandia midomoni. Miezi mitano nyuma alimwakilisha Mukeshimana, yatima wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake kule Rubondo, humohumo kambini Nakivale. Mjomba alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kikagate kumdai. Zakiah alimuuliza mtoto maswali sita, mjomba akiwa kando yao, akapata ndiyo sita, akaziandika zote. "Mtoto mwenyewe ametaka," alimwambia hakimu. Huenda hata siku hiyo mto ulinyamaza. Juma moja baadaye mjomba na mtoto wakavuka mpaka. Simu ya mjomba haijapatikana hadi leo.

Zakiah hakungoja cheti. Alipitia ofisini kuchukua faili, akashika njia ya Nakivale.

Bibi Nyiramana, bibi yake Mukeshimana, alikuwa akianika maharage. Alisimama upesi, akajifuta mikono, akainamisha kichwa.

"Karibu, avoka."

"Bibi, nilikosea. Nataka kesi ya mtoto ifunguliwe upya. Unakubali?"

"Ndiyo, mukubwa."

Zakiah aliijua ndiyo hiyo. Siku ya kesi, nje ya mahakama, alimuuliza bibi huyuhuyu kama ameridhika mtoto aende, akapewa hiyohiyo, kwa sauti hiyohiyo. Akavua viatu, akaketi vumbini, suti na yote.

"Bibi, keti nami. Niambie kitu usichotaka."

Bibi akaketi. Zakiah akangoja. Mbuzi wa jirani akaja, akala maharage mpaka tumbo likamning'inia kama ngoma, na hakuna aliyemfukuza.

"Hapana," bibi akasema mwishowe, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Sikutaka aende. Na yeye hakutaka. Alinambia ile asubuhi, analia. Mimi nikamwambia ajibu bakubwa muzuri, asinipatie haya."

Hapo akajifunika uso kwa kitenge.

Zakiah akafungua faili magotini. Chini ya zile ndiyo sita akaandika hapana ya Mukeshimana, na tarehe ya siku hiyo. Ilikuwa imechelewa miezi mitano.