Tanuri la Mjane

Tangu binti mmoja aliponunua kitabu cha hadithi za Kijapani kwa muuza vitabu vya mitumba, kaka yake, mwenye duka la dobi, hakumwacha apumue.

"Profesa wangu wa shule ya msingi! Mashati yanakungoja, wewe unasoma vijiti."

Binti alipiga pasi, na kila akisubiri mkaa ushike moto alisoma mstari, kamusi ndogo pembeni. Herufi alijifundisha kwenye simu. Hadithi za siku hizi alizimaliza, hata ile ya mzee aliyegombana na lifti. Ilibaki moja ya kale, mwishoni: mjane mfinyanzi ameamriwa na bwana mkubwa azime tanuri lake la vyungu kabla jua halijazama. Binti alifika pale askari wanapogonga mlango, akaweka uzi wa kukumbushia ukurasa, akaenda kuanika mashuka.

Aliporudi, pasi ilikuwa inawaka vizuri. Kitabu kilikuwa kimekonda.

"Wifi, mkaa umewashia nini?"

"Nimechana kurasa za mbele tu," alisema mke wa kaka yake, akipepea kwa kipande cha boksi. "Si ulishazisoma? Za nyuma sijazigusa."

Binti akamwonyesha mwanzo ulipo. Kitabu kile kilianzia kulia. Za mbele kwa wifi yake ndizo zilizokuwa za mwisho.

"Jamani, wifi yangu! Mimi ningejuaje?" alisema mke wa kaka.

Kaka alicheka mpaka akashika meza. "Basi, yameisha yenyewe. Kesho nikuone na pasi tu."

Binti akainua uso. "Pasi utaniona nayo, kaka. Na kitabu utaniona nacho."

"Mwisho umeungua. Utasoma nini?"

"Nitauandika."

"Kwa Kijapani? Wewe?"

"Mimi huyuhuyu. Nikikosea, nitakuwa nimekosea kwa Kijapani."

Akachukua kalamu ya kutilia alama nguo za wateja, akafunua jalada kwa ndani, akaanza juu kulia, akishuka. Herufi zilikaa upogo. Hakufuta hata moja. Neno lililomshinda alilitafuta kwenye kamusi, mteja mlangoni akikohoa.

Akamsimulia wifi yake kisa kilipoishia, naye akasogea. "Hebu niambie basi. Yule mama alizima?"

"Askari waliingia, wakamkuta anaongeza kuni."

"Safi!" Wifi akapiga makofi. "Andika na mimi nilikuwepo, napepea."

Kaka akauliza ni nani atakunja mashuka. Wifi akachukua kipande cha boksi, akapepea wino ukauke.