Pumzi ya Mawe Mekundu

Jumatatu asubuhi Kitsa alikuwa nyuma ya nyumba yake, Butembo, akijaza tanuru: tabaka la makaa, tabaka la mawe mekundu, chokaa kidogo ya kuondoa mchanga. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Beni. Vyuma vya magari mabovu havikufika tena, naye Kitsa, mhunzi, alikuwa amerudia kazi ya babu yake ya kuyeyusha mawe yenye chuma. Mawe aliletewa na Orpa, mjane wa Éliakim. Aliyaokota katika shamba lao upande wa Beni, pale wauaji walipomkuta mume wake na majirani wakipalilia mihogo.

Kitsa alivukuta, Orpa akiwa kando yake. Makaa yakishika moto, hewa yake huyanyang'anya mawe oksijeni, chuma kikabaki peke yake. Ndivyo alivyofundishwa shuleni, na ndivyo ilivyokuwa, ila oksijeni ya mawe haya ilitoka ikiwa pumzi za watu. Kwanza mtu alikohoa. Kisha sauti ya Éliakim ikauliza:

"Orpa, batoto bamekula?"

"Bamekula muhogo," Orpa alijibu, akiongeza makaa. "Ni nani alikuua?"

Éliakim alitaja majina ya wauaji, na njia waliyopitia. Majirani wakafuata, kila mmoja na lake, mpaka pumzi zikaisha.

Kesho yake jamaa za marehemu walikuja na viti na chai. Kitsa akajaza tanuru upya kwa mawe mengine ya shamba lile, akavukuta, mabega yakimuuma. Kapiteni wa jeshi naye alikuja. Alivua kofia, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mukubwa, mumesikia," Orpa alisema. "Mutabafata?"

"Tumesikia, mama. Lakini mashaidi banapashwa kuwa bazima, si bale balikufa."

"Bazima balikuja kwenu mwaka jana. Mukabaambia bangoje."

"Basi, mungoje," kapiteni alisema kwa upole. Alionekana hajalala siku nyingi. Akavaa kofia, akaenda.

Watu walikusanya viti vyao. Kitsa alibomoa tanuru, akagonga mavi ya chuma, yale makapi yaliyoganda, yakaanguka, na kile kilichobaki akakifua kiwe jembe. Orpa alilijaribu uzito.

"Unaenda nalo wapi?" Kitsa aliuliza.

"Ku shamba. Muhogo umeisha."

"Bale batu bangali kulekule, Mama Orpa."

"Najua." Alijifunga kitenge vizuri. "Kama sirudie, tuma mutu akuletee mawe ya kule. Nitakuambia ni nani."

Kitsa akasema ndiyo, akaenda kutafuta makaa.