Afande Kipenga Hakubisha Hodi

Afande Kipenga alikuwa na wake wawili, na hakuna hata mmoja aliyemposa mwenyewe. Waliomwoza ni waandishi wake, kila mmoja akivizia siku mwenzake hayupo. Ngoja nieleze polepole, maana mambo haya ukiyasimulia haraka watu wanadhani umekunywa.

Afande ni askari wa trafiki wa kwenye katuni, kitabu cha picha kinachotoka kila mwezi kwa Kiswahili pale Naguru, Kampala. Siku moja alipigwa na radi kipenga kikiwa mdomoni, na tangu hapo akipuliza tu, kila kitu husimama: lori, risasi, mwizi aliye katikati ya kuruka ukuta, hata mvua. Wanaomsoma ni askari kambini, madereva wa malori kutoka Kenya, Wakongo wauza vitenge, na wachuuzi wa Ggaba ambao wakimaliza kumsoma wanafungia samaki kurasa zake. Dini yake haijulikani. Mama Docus, mjane wa askari na mwenye kitabu chake, alikwisha sema kwamba siku dini ya Afande ikijulikana, nusu ya wanunuzi watahama.

Waandishi ni wawili. Mzee Oyet ni sajini mstaafu, kichwa kigumu, sauti ya paredi. Bi Kulthum ni wa zile koo za Waislamu ambao mababu zao walikuja kutoka pwani na bidhaa wakasahau kurudi. Alikuwa mwalimu wa madrasa, na ulimi wake, Mungu atulinde, ni wembe. Wawili hawa hupokezana matoleo, na kila mmoja husoma ya mwenzake kabla hayajachapwa, kwa ajili ya amani.

Amani gani! Kulthum alimwandikia Afande mwanamke anayeitwa Zahara, mtulivu, mwenye duka la vitambaa. Oyet akamwandikia Acan, binti wa kambini, fundi wa redio za polisi, mkono mwepesi kwa ngumi. Toleo la arobaini, Oyet akiwa kitandani na homa ya matumbo, Kulthum alimwoza Afande kwa Zahara katika picha mbili tu, hata sahani ya pilau haikuonekana. Oyet akapona, akavizia siku yake. Toleo la hamsini na mbili, Kulthum akiwa Makka anatufu Kaaba, Oyet akampelekea baba yake Acan mahari ya ng'ombe kumi na wawili, na Bonny mchoraji akawachora wote, mmoja mmoja, na pembe zao.

"Hii Zahara yako, Hajati," Oyet alikuwa akisema, "kazi yake kukaa dirishani. Inangoja tu! Hata pazia inafanya kazi kumshinda."

"Na Acan wako," Kulthum alimjibu, "amevunja taya za watu tisa na hajawahi kukoroga hata uji."

Kichekesho ni kwamba Bonny alijua sura moja tu ya mwanamke. Ukimvua Zahara mtandio, huyo ni Acan. Wagombanao hawakuliona hilo, na Bonny hakuwa mtu wa kujichongea.

Lakini Kulthum alikuwa na sababu yake ya kumng'ang'ania Zahara. Mumewe, Mahmoud, muuza vitenge, aliondoka bandari ya Port Bell miaka tisa iliyopita kwenda Mwanza, akasema atarudi Alhamisi. Hakusema Alhamisi ipi. Hakuna chombo kilichozama, hakuna maiti iliyopatikana, hakuna simu. Kulthum hakuwa mjane, hakuwa mtalaka, na tukisema kweli hakuwa mke. Viatu vya Mahmoud vilikaa mlangoni, na kila Ijumaa alivipiga rangi. Angeweza kwenda kwa kadhi akauliza hukumu yake ni ipi. Hakwenda. Aliogopa kuambiwa yu huru, na aliogopa vilevile kuambiwa bado. Basi akakaa akimwandika Zahara, na wawili hao wakawa wanangoja pamoja.

Toleo la sabini na moja, Oyet alichoka na Zahara hata akamwua mwanamume mwenyewe. Feri ya mabehewa ilikuwa inakimbilia Port Bell bila nahodha. Afande, aliyekuwa amesimama juu yake, akapuliza. Feri ikasimama papo hapo. Yeye akaendelea kwenda. Akatumbukia ziwani, kofia ikaelea. Miezi saba kitabu kikatoka bila shujaa, na kofia kwenye jalada.

Toleo la sabini na nane Kulthum akamrudisha. Afande anaingia nyumbani kwa Zahara bila hodi, nguo zinachuruzika maji, anakaa kitini, anasema, "Chai iko wapi?" Na Zahara anamimina. Kulthum aliiandika huku akilia kwa furaha. Oyet alipoisoma akapiga meza.

"Miezi saba chini ya maji, na hii mwanamke haiulizi hata ulikuwa wapi?"

Kulthum hakumsemesha wiki mbili. Maneno ya mzee yule yalimkaa rohoni kama mwiba wa sato.

Sasa ikaja zamu ya toleo la mia. Mama Docus akawaita ofisini, akafunga mlango.

"Mimi nataka harusi," akasema. "Bwana moja, bibi moja, keki moja. Ile bibi ingine inaondoka kabisa, sitaki kuiona hata sokoni."

"Lakini ndoa ya Zahara ipo," Kulthum akasema.

"Ya Acan ipo!" Oyet akaruka.

"Afande alikufa," Mama Docus akawakata. "Kifo inamaliza ndoa. Asiyekuwepo na lake halipo. Nani ako na haki, mtaniambia Jumatatu."

Kulthum alimfikiria Zahara wake. Zahara akifutwa, basi. Nani tena atabaki kungoja pamoja naye?

Oyet hakupoteza muda. Alikwenda kambini kwa Mzee Okot na wazee wenzake wa Kiacholi, wastaafu watupu, akawawekea kesi. Wazee walikaa mchana kutwa. Aliporudi, mdomo ulikuwa umeanguka.

"Wamesema mjane ni ya ndugu ya marehemu."

"Na ndugu yake ni nani?" Kulthum akauliza, ingawa alijua vizuri. Ndugu pekee wa Afande ni Komesha, adui yake mkubwa, mfungwa wa Luzira tangu toleo la kumi na mbili.

"Wamekata kauli. Acan ni bibi ya Komesha. Mzee Okot amesema Komesha alipaswa kumjengea nyumba."

"Akiwa gerezani?"

"Amesema hiyo ni shida ya Komesha."

Kulthum alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Loo! Alicheka vibaya, cheko la mtu ambaye kesi yake haijaitwa. Mkuki kwa nguruwe.

Alhamisi akashika njia ya Kibuli kwa Maalim Jibril, mzee aliyewasomesha watoto wa nusu ya Kampala. Akamkuta barazani na miwani yake. Akamwamkia, akakaa mkekani, akaanza.

"Maalim, mtu amezama ziwani, kisha amerudi baada ya miezi saba. Ndoa yake iko palepale?"

"Maiti ilionekana?"

"Hapana. Kofia tu."

"Kofia si maiti. Mashahidi ni akina nani?"

"Wasomaji, Maalim. Kama elfu nne."

"Waadilifu?"

"Wengi ni askari."

Maalim alifikiri kidogo. "Tuendelee," akasema. Akapeleka mkono chini ya mto, akatoa toleo la sabini na moja, limekunjamana kwa kusomwa. "Tena si kofia peke yake. Ukurasa wa tisa na kipenga kinaelea. Kipenga cha chuma hakielei, Kulthum. Hapo mlitudanganya."

"Yule ni Bonny, Maalim."

"Mwambieni. Haya, hukumu. Kadhi alihukumu kwamba amekufa?"

"Hakuna aliyehukumu."

"Basi hakufa. Alipotea, akarudi, akamkuta mkewe. Ndoa ya Zahara ni sahihi."

"Alhamdulillahi!" Kulthum alikuwa amekwisha inuka, anatafuta ndara zake. Ameshinda! Atamwona Oyet uso utakavyokuwa.

"Kaa. Sijamaliza. Umeniuliza ya mume, hujaniuliza ya mke." Maalim alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Miezi saba si kitu. Ingekuwa miaka je? Tuseme tisa."

Kulthum aliutazama mkeka. Uwanjani watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, na alitamani wapige kelele zaidi.

"Sheria haikumfunga mwanamke dirishani," Maalim akasema. "Anakwenda kwa kadhi, anasema mume wangu simwoni. Kadhi anatafuta, anatangaza, anahukumu. Mwanamke anakaa eda miezi minne na siku kumi, kisha njia ni yake. Wanachuoni wamehitilafiana katika muda wa kungoja. Kwamba mlango upo, hawakuhitilafiana. Ila kuna sharti."

"Lipi?"

"Aende mwenyewe. Asimtume mtu."

"Zahara ni wa kuchorwa, Maalim."

"Najua, mwanangu. Lazima aende mwenyewe."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Kulthum alikaa mlangoni na kopo la rangi ya viatu. Kiatu cha kulia kilipata rangi kama kawaida. Cha kushoto alikishika tu. Kwanza alimkasirikia Maalim, mzee mpekuzi, anasoma katuni chini ya mto. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, hasira ikapata mwenyewe.

"Alhamisi ipi?" akakiuliza kiatu. "Nijibu, Mahmoud. Alhamisi ipi?"

Alilia mpaka akachoka, akanawa uso, akachukua kalamu.

Jumatatu akamwekea Oyet karatasi mbele. Oyet alisoma akifuata mistari kwa kidole. Toleo la mia, kama alivyoliandika Kulthum, lilianza na hukumu: Zahara ndiye mke wa halali. Siku ya harusi Afande anakuja na sare mpya, anasukuma mlango bila hodi kama desturi yake. Mlango umefungwa. Unafunguliwa kwa ndani, Zahara anatoka na mkoba wake. Afande anapuliza kipenga. Bendi inasimama, kuku wanasimama, mvua inasimama hewani, kisu kinasimama katikati ya keki. Zahara hasimami. Anampita, anakata kona, anakwenda zake kwa kadhi.

Oyet alisoma mara mbili.

"Hajati, umeshinda kesi. Halafu unaondoka?"

"Naondoka."

"Na Afande?"

"Mchukue bwana wako. Acan akamdai kwa wazee."

Mtu angedhani Oyet ataruka kwa furaha. Wapi! Alikunja zile karatasi, akazikunjua.

"Sasa Acan atasema nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Miaka nane kazi yake kutukana Zahara. Nikitoa matusi, hana maneno." Akajifuta pua kwa mkono. "Na hii Afande yenyewe, Hajati, mimi sijawahi kumpenda. Anaingia tu watu nyumbani."

"Hata mimi," Kulthum akasema, na aliposikia alichokisema akashangaa. "Sikumpenda hata siku moja. Nilikuwa namngoja tu."

Wakatazamana. Miaka nane wanamlisha, wanamwoza, wanamfufua mwanamume ambaye hakuna anayempenda. Oyet alianza kucheka, Kulthum akafuata, na Mama Docus akaja mbio kuona nani anakufa. Alipoisoma ile hadithi alishika kichwa. Harusi bila bibi! Lakini keki ilikuwa imekwisha chorwa, na mashine zilikuwa zinangoja. Bonny aliuliza swali moja tu: huyu anayeondoka avae mtandio, au asivae?

"Avae," Oyet akasema haraka. "Ni Zahara. Watu wamjue."

Alhamisi Kulthum aliamka mapema, akavaa buibui lake jipya. Mlangoni alivikuta vile viatu, kimoja kinang'aa, kimoja kina vumbi. Akavitia vyote viwili katika mfuko, akaupeleka stoo, akatoka.

Ofisini kwa kadhi karani kijana alikuwa amejaa fomu mpaka kidevuni. Hakuinua uso.

"Jina?"

"Kulthum binti Seif."

"Umekuja kwa niaba ya nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Karani akaandika. Akauliza jina la mume, akauliza alionekana lini mara ya mwisho, akauliza kwa nani alikwisha ulizia. Kulthum alijibu yote. Kisha karani akafika kwenye jambo ambalo, nadhani, halikuwamo katika fomu. Akainua uso.

"Na akirudi, mama?"

Kulthum alitengeneza mtandio wake.

"Akirudi," akasema, "abishe hodi kama watu wengine."

Karani alitafuta mahali pa kuliandika hilo, hakupaona. Akaliandika pembeni, kwa herufi ndogo, akamwonyesha pa kuweka sahihi.