Ulisema Zinatosha

Zainabu alivuta kifyatulio mara moja tu, lakini mitutu yote miwili ya bunduki ikalipuka kwa pamoja. Kitako kikampiga shavuni, akayumba, akaanguka chali juu ya saruji.

Gakii, mwalimu wake, alikuwa amesimama nyuma yake. Aliidaka bunduki, akaifungua katikati, akahakikisha haina kitu ndani, ndipo akapiga magoti. Damu ilikuwa ikimchuruzika Zainabu shavuni, na kiganja cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimepinda kwa namna ambayo kiganja hakipindi.

"Dada, nimekosea wapi?" Zainabu aliuliza huku meno yakigongana.

"Hujakosea popote. Tulia hapo hapo."

Zainabu alikuwa mwenyeji wa Tanga, msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja ya Doha. Ijumaa hiyo alikuja na wenzake klabuni, huko nje ya Al Rayyan, wajaribu kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wacheke, wapige picha, warudi nyumbani. Sasa wenzake walikuwa wakilia, na gari la wagonjwa lilikuwa likiingia getini.

Lilipoondoka, Gakii aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha, akailaza bunduki mezani.

Meneja alikuwa Tom, Mkenya mwenzake, mtu aliyeshindana kwa miaka mingi katika ulengaji shabaha na anayezijua bunduki kuliko mtu yeyote pale klabuni. Ndiyo sababu Gakii alikasirika zaidi. Kama angekuwa hajui, angemsamehe.

"Nilikwambia hizi si za kukodisha," Gakii alisema. "Nilikwambia zimeanza kulegea. Ukasema tutaona. Haya, umeona?"

Tom aliitazama bunduki, hakuigusa. "Punguza sauti. Ni wewe ulisema zinatosha."

"Nilisema nini?"

"Ulimwambia Saidi, hapo kaunta. Nilikusikia kwa masikio yangu. Ukasema bunduki ya bei rahisi inatosha kabisa. Mwenye klabu akiniuliza nilizinunua kwa ushauri wa nani, nitamwambia ukweli. Mwalimu wangu."

Gakii alihisi uso ukimwaka moto. Ni kweli alimwambia Saidi. Saidi alikuwa mteja mwenye asili ya Unguja, ana kibali chake cha silaha, na siku ile alimuuliza kama ni ujinga kununua bunduki rahisi ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, wakati wenzake wanajivunia za Kiitaliano zenye bei ya gari. Gakii alimuuliza anapiga mara ngapi. Saidi akacheka, akasema mara moja kwa mwezi, akijaliwa. Basi inatosha, Gakii akamjibu. Angalia tu kama inakukaa vizuri begani, mbao haina ufa, na ikifungwa haichezi, halafu uisafishe kila ukimaliza. Kwa matumizi hayo itakufaa miaka na miaka.

Tom alikuwa amesimama pale pale na chai yake ya karak mkononi. Muda si mrefu zikaletwa bunduki za namna hiyo dazeni nzima, zikapangwa kwenye rafu ya kukodishia. Kwa siku moja ya Ijumaa kila moja ilikuwa ikipiga risasi ambazo Saidi angezipiga kwa mwaka.

"Nilikuwa naongea na mtu anayepiga mara moja kwa mwezi!" Gakii alisema. "Sikuwa naongea nawe. Wewe ulijua tofauti. Ulijua, Tom!"

"Nenda ukapumzike."

Nje alimkuta Kiprop, fundi wa bunduki, akifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Walikuwa wakipanda gari moja kila asubuhi kutoka Najma, na mara nyingi wakigawana chapati njiani.

"Ile bunduki," Gakii alisema, "iliwahi kuletwa kwako?"

Kiprop alikikunja kitambaa, akakikunja tena, na hapo hapo Gakii akajua.

"Ilipiga mitutu miwili pamoja juzi," Kiprop alisema mwishowe. "Tom mwenyewe alikuwa anaijaribu. Nikaifungua, nikasugua kidogo pale ndani. Nikamwambia inahitaji kifaa kipya. Akasema irudi kwenye rafu, Ijumaa kuna watu wengi."

"Na mimi hukuniambia."

"Gakii, mimi nina watoto nyumbani."

"Na yule dada hana? Nimemwekea ile kitu begani kwa mikono yangu, Kiprop! Nimemwambia usiogope!"

Jumapili alikwenda Al Thumama, ambako Zainabu alikuwa akiishi na wafanyakazi wenzake. Mkono ulikuwa ndani ya plasta na shavu limeshonwa. Zainabu hakumkaribisha kuketi.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza.

"Nilijua zimechakaa, nikasema. Kwamba ile ilishaharibika, sikujua."

"Lakini ulijua zimechakaa. Mimi ukiniletea shuka lililochanika namtandikia mgeni?"

Hasira aliyokuja nayo Gakii, aliyodhani ni ya Tom na Kiprop peke yao, iligeuka ikamkaba yeye mwenyewe.

Aliporudi kazini alikuta zile bunduki zimeondolewa kwenye rafu. Kwa muda mfupi akadhani Tom amepata aibu. Kumbe zilikuwa zimepigwa mafuta, zimepangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, ziuzwe kwa wanachama wenye vibali.

"Utasimama hapa," Tom alimwambia, kana kwamba hakuna kilichotokea. "Wakikuuliza, jibu kama ulivyomjibu Saidi. Si ndivyo unavyoamini?"

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana mpole aliyevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa vizuri. Akachukua moja, akamuuliza Gakii kama ingemfaa mtu anayepiga Ijumaa mojamoja tu na marafiki.

"Ikiwa mpya, ingekufaa sana," Gakii alisema kwa sauti iliyofika hadi kaunta. "Hizi zimepigwa mpaka zimechoka. Shika hapa, tikisa. Unasikia inavyocheza kwenye bawaba? Mwenzake imemvunja mtu mkono wiki iliyopita. Usinunue."

Kijana aliirudisha mezani taratibu. Tom alikuja karibu kukimbia.

"Umerukwa na akili?"

"Uliniambia nijibu ninavyoamini."

"Mimi ndiye niliyekuleta nchi hii, Gakii! Mimi!"

"Hukunileta nikudanganyie watu!" Gakii alivua fulana ya klabu iliyokuwa juu ya shati lake, akaitupa juu ya bunduki. "Na ukimwambia mwenye klabu lolote kuhusu mimi, mwambie na hili. Au nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia kweli, jioni ile ile, kwa simu. Mwenye klabu alisikiliza, akasema atafuatilia, akakata. Bunduki ziliondolewa mezani. Tom hakuondolewa. Gakii ndiye aliyeanza kutafuta kazi upya.

Zainabu alipopeleka malalamiko polisi, Gakii alijitolea kwenda kutoa ushahidi. Kituoni alimkuta Kiprop ameketi kando ya ukuta, amevaa shati la kanisani, anaungoja mlango ufunguliwe. Hakuna aliyemwita, alikuja kwa hiari yake, na huko ndani alieleza yote: siku ile Tom alipoijaribu, alichosugua, alichoamriwa. Alitoka macho mekundu.

"Nimesema kila kitu," alimwambia Gakii.

"Nimesikia."

"Basi yaishe kati yetu, dada."

Gakii alimtazama Zainabu, aliyekuwa kwenye benchi la pili akihangaika kufunga mtandio wake kwa mkono mmoja. Akamwacha Kiprop pale mlangoni, akaenda kumsaidia.