Mayai Yenye X

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Brigitha aliinama kwenye tenga la pumba nyuma ya jiko akaokota mayai matatu. Yalikuwa na rangi ya udongo mkavu kama siku zote, na kila moja lilikuwa na X nyekundu. Aliyasugua kwa majivu. X haikutoka, ilikuwa imeingia ndani ya ganda.

Jirani yake Mashimba alichungulia juu ya ua wa mabua, yai mkononi.

"Mama Gladness, na wewe umepigwa?"

"Matatu."

"Mimi moja. Jogoo nimemkagua, hana brashi."

Brigitha hakucheka. Barabara ya mtaa ilikuwa inapanuliwa, na nyumba yenye X ilikuwa inavunjwa. Yake aliijenga kwa fedha za mpunga aliolima Idete, misimu saba, matofali akiyafyatua mwenyewe.

Hakuchemsha chai. Alizunguka ua kwa ua akiuliza. Nyumba ya mwenyekiti wa mtaa, Gaudensi, ilikuwa imesogea barabarani kuliko zote. Baraza lake lilikaribia kugusa mtaro. Kuku wake walitaga mayai safi.

Basi Brigitha akafanya wanalofanyiana wanawake wa mtaa kila msimu. Alimpeleka tetea wake mmoja kwa mke wa Gaudensi wakabadilishana, ili kila mmoja apate mbegu mpya. Kesho yake tetea wa Brigitha alitaga yai safi barazani kwa Gaudensi. Tetea wa Gaudensi alitaga X kwa Brigitha.

Jumatano akaja mpima, kijana aitwaye Alex.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pima."

Akapima kutoka katikati ya barabara. Kwa Brigitha, mita kumi na saba. Kwa Gaudensi, kumi na moja. Aliandika namba zote mbili kwa mwandiko mzuri, kisha akaomba kuonyeshwa mayai.

"Kwa hiyo wa kumi na moja anabaki," Brigitha alisema, "wa kumi na saba anavunjiwa."

"Mama, mimi napima tu. Mayai yameshatoka."

Gaudensi alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. "Sasa mimi nitamlazimisha kuku atage ninavyotaka?"

"Kuku sijamuuliza. Nakuuliza wewe."

Gaudensi alitazama saa yake. Kopo la rangi ya X alilokuja nalo Alex lilirudi garini bila kufunguliwa, na ofisi yake ikafurahi kubana matumizi.

Ijumaa tingatinga likaja. Brigitha na Mashimba walisaidiana kutoa milango na mabati, kwanza ya huyu, kisha ya yule. Kufikia saa nne nyumba zote mbili zilikuwa chini. Tetea wa Gaudensi aliparua kifusi, akakaa palipokuwa na kitanda cha Brigitha, akataga. Yai lilikuwa safi.

Gaudensi alivuka barabara.

"Huyo tetea ni wangu, mama Gladness. Na yai ni langu."

"Yai limetagwa kwangu."

"Kwako wapi?"

Brigitha alipanga matofali matatu, akawasha moto, akalipasua yai kwenye kikaango. Alilila amesimama, bila chumvi, akimtazama. Alipomaliza alimnyooshea ganda.

Gaudensi akalipokea, akaligeuza huku na huku kulikagua, akalitia mfukoni.