Kikosi cha Kirusi Juu ya Keki

Sijawahi kumnyima wifi yangu kitu. Sufuria zangu anazo, mwavuli wangu anao, na akitaka nimshikie mtoto, namshikia. Lakini wapanda farasi wangu hakuniomba.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nikirudi nyumbani nakaa dirishani na kioo cha kukuzia, napaka rangi vijisanamu vya madini visivyozidi kidole gumba: askari wa Kirusi wa enzi za Napoleon, juu ya farasi. Makoti ya kijani, kola nyekundu, suruali za kijivu. Nyusi zao nazipaka nikiwa nimezuia pumzi. Jirani yangu mfamasia ana jeshi lake la Wafaransa, makoti ya bluu, na Jumapili ile tulikuwa tupambane mezani kwake, mchezo wa vita kwa dadu na rula ya kupimia hatua. Nilikuwa na kikosi kipya, vanishi ndiyo kwanza imekauka.

Jumamosi nikaenda kwa mdogo wangu, mume wa wifi, binti yake alikuwa anatimiza mwaka mwingine. Keki ilikuwa pana, ya kijani, kama kiwanja cha mpira. Na juu yake, kikosi changu kizima, kimezama kwenye krimu hadi matumbo ya farasi! Mpiga tarumbeta hakuwepo. Mtoto alikuwa anammumunya.

"Mtoeni mdomoni! Hiyo ni rangi!"

Nikamgeukia wifi. "Hawa umewatoa wapi?"

"Kabatini kwako, juzi, ulipokuwa bafuni." Hana hili wala lile, anatabasamu. "Si wamependeza? Kila mtu anauliza nimewanunua wapi."

"Uliniomba?"

"Jamani, wifi! Vidoli tu. Nitakuoshea."

Vidoli! Nikaanza kuwang'oa mmoja mmoja mbele ya wageni. Kapteni upanga umepinda. Farasi mmoja mguu ukabaki ndani ya keki.

Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, ngoja basi tupige picha kwanza."

"Piga! Piga na huyu mwenye miguu mitatu."

Nikaondoka na jeshi langu kwenye sahani. Keki niliiacha na mashimo kama barabara baada ya masika.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. Eti nimewaaibisha, eti mtoto amelia.

"Mtoto nitamwomba radhi mwenyewe, hana kosa. Lakini mkeo? Yaani nichukuliwe vitu vyangu, halafu mimi ndiye niombe msamaha?"

Akakata simu.

Jumapili asubuhi niliwasugua kwa mswaki laini na maji baridi. Krimu ilikuwa imeganda kwenye kila mkunjo wa koti. Nilipomsimulia mfamasia alicheka mpaka akavua miwani. Nikamtazama tu. Akaivaa tena, akasema, "Samahani, jirani."

Tukiwa katikati ya mapambano, mlango ukagongwa. Wifi. Mdogo wangu alikuwa amemwelekeza.

"Sikujua kama ni vitu vya maana," akasema, bado amesimama mlangoni.

"Hukujua kwa sababu hukuuliza."

Akatazama sakafu, akatazama meza.

"Haya. Nimekosea." Alilitoa neno kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Nikalipokea, ila sikumkumbatia. Nilimsogezea kiti, nikarusha dadu. Warusi wangu walipigwa vibaya siku ile. Wifi akaninong'oneza, "Hawa wa bluu ni wa nani?" Sikumjibu mpaka zamu yangu ilipokwisha.