Viatu Havikuagizwa

...begi hili jekundu ndilo zuri lakini limezidi lile la kijivu kwa upana wa kiganja, na mwenye duka ameshalitumbukiza kwenye kizimba cha chuma alichokiweka mlangoni, anasema ndicho kipimo cha uwanja wa ndege, likikwama hapa na kule litakwama, watakupokonya walitupe kwenye tumbo la ndege, dada yangu, halafu ukalisubiri huko uendako mpaka uote mvi, mvi ninazo tayari, nimemjibu, akacheka, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka, anavuta na kusukuma mpaka magurudumu yanalia, na mimi nimekumbatia mfuko wangu wa plastiki wenye gauni na viatu vya mwanangu, maana mkwe wangu alisisitiza kwenye simu, mama, gauni lisitoke mkononi mwako, mizigo ya chini hupotea, na tukitoka uwanjani tunapitiliza moja kwa moja, hatupiti nyumbani... tunapitiliza hospitali, ndiyo, mtu mwenye mgonjwa anapitiliza wapi kwingine, mwanangu amelazwa wiki ya pili sasa, mapafu, na huyo mume wake si msemaji, siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha kwangu alizungumza na zulia, kwa hiyo nisimchambue maneno, maneno yake machache ayatoe wapi mengine...

"Unaenda harusini?" mwenye duka anauliza, ameona kitambaa cheupe kinachungulia, naenda kumwona binti yangu, nasema, "Oo, hongera, kajifungua?" anaumwa, "Pole, dada. Atapona, Mungu si wa mtu mmoja," atapona, kwa nini asipone, ana miaka thelathini na kifua cha kuimba, Kifungo wangu, ndivyo tulivyomwita tangu alipomeza kifungo cha koti la mteja akicheza chini ya cherehani, nikamchungulia chooni mpaka kikatoka, nikakiosha, nikakishona mahali pake, mteja akalivaa koti lake akaenda zake na hajui mpaka leo, tulicheka mimi na Kifungo kila tulipomwona anapita kifua mbele... kwa cherehani ileile nimeshona hili gauni juzi, kilichonisumbua ni mgongo, mgongoni acha wazi, mama, alisema mkwe, usitie zipu wala vifungo, kamba mbili zinatosha, nikamwuliza wewe fundi tangu lini, nikasikia watu nyuma yake, watu wengi, na viti vinaburutwa, wodini kuna viti, ndiyo, na nguo za wodini nazo huwa wazi mgongoni ili daktari apate pa kuweka kile chombo chake cha kusikilizia, ndiyo maana, basi, nimeridhika, ila nguo za wodini ni fupi na zimepauka, yeye alitaka ndefu, mikono mirefu, kitambaa kizuri kuliko vyote ulivyonavyo, mama, na soksi nyeupe...

"Tujaribu hili la kijivu," anasema, amelichomoa jekundu kizimbani, analifungua la kijivu, ananichukulia gauni mkononi, analikunja vizuri kuliko nilivyotegemea, anapitisha kiganja mgongoni anatafuta zipu, haipati, ananitazama, anaacha kucheka, kwa nini unaacha kucheka, wewe muuza mabegi, nani kakuambia nini... nipe niseme na mwanangu, nilimwambia mkwe, amelala, jana amelala, leo asubuhi tena amelala, na dada yangu mkubwa, tuliyenuniana tangu mwaka jana, juzi kahamia kwangu na godoro lake bila kuulizwa, anapika, ananiangalia nikila, simu ikilia anaiwahi yeye, na nikiingia chumbani namkuta na majirani wanaongea habari za mvua, mvua gani, jua limetuchoma mwezi mzima... nimeshona migongo ya kila namna, ya kibiongo, ya mabibi harusi, ya polisi wenye vitambi, na mgongo ulioachwa wazi nimeushona mara tatu, wa mwisho wa jirani yetu mwalimu, hao hawaji kupimwa, ndugu zao ndio huleta vipimo, wanasimama mlangoni hawakai, na mimi huwa siulizi, nakata kitambaa, nawaambia poleni...

"Gauni limeingia," anasema mwenye duka, kwa sauti ya chini sasa, "viatu ndivyo vinagoma, dada. Au uchukue jekundu, ubahatishe?" viatu nimeviongeza mwenyewe, vya rangi ya dhahabu, alivisahau kwangu alipokuja mara ya mwisho, niliwaza siku akiruhusiwa atatokaje wodini pekupeku, nilimwuliza na mkwe, na viatu je, nilete, ndipo nikamsikia akilia, nikasema moyoni ni mafua, na yule asiye na maneno akayapata matatu, soksi zinatosha, mama... mama Kifungo, mshonaji mzima, miaka yote hii, umejishonea mwenyewe na hukuona... mwanangu, mwanangu ameshakufa, wote wanajua, hata huyu anajua, "Hili au lile, dada?" nakusikia, hili dogo, nataka kusema hili dogo, linatosha, kizimba kimesimama tupu mlangoni, na viatu bado ninavyo mkononi, na hakuna mtu aliyeviagiza...